Mwaka wa Ndege Wachache

Wiki iliyopita wenzangu wa kazini walinipeleka kula chakula cha mchana Moseley, kwenye mkahawa wenye menyu fupi na bei ndefu. Mmoja wao aliagiza ndege wa porini. Mhudumu akamwonya huku akitabasamu: "Tafuna polepole, huenda humo mna chembe za risasi." Meza nzima ikacheka. Sahani ilipoletwa, harufu yake ilinifikia kabla sijaiona, harufu nzito ya nyama iliyotundikwa siku nyingi, na ndani yake majani makavu ya mlimani. Haukupita muda, yule mwenzangu akatoa kitu mdomoni akakiweka ukingoni mwa sahani. Kikalia ting. Kichembe cheusi, kidogo kuliko punje ya ulezi.

"Leo nina bahati," akasema.

Nilikwenda msalani nikafungulia maji na kukaa humo mpaka nilipodhani sahani zimeondolewa. Watu wakiniona hivyo hudhani nina huzuni. Hapana, ni hasira. Nilikuwa na miaka tisa nilipoipata, na sijawahi kuiombea radhi.

Tulikuwa tukikaa Bordesley Green, katika mji mkubwa wa Waingereza, Papa, Mama na mimi, katika nyumba ya halmashauri yenye ngazi nyembamba na bustani ya nyuma iliyojaa matope. Tulitoka milima iliyo juu ya Uvira, huko Congo, nami nikiwa mdogo mno kukumbuka. Papa aliikumbuka kwa niaba yetu sote. Jumamosi, akisaga sombe, majani ya muhogo, alinisimulia jinsi yeye na baba yake walivyotega kwale kwenye nyasi ndefu, na jinsi babu alivyoamka alfajiri na kusikiliza milio kabla ya kutega. Milio ikiwa mingi, wanatega. Milio ikipungua, babu anapita njia nzima akitegua mitego yake mmoja mmoja, wala haitegi tena mpaka msimu wa pili. Halafu vita vikaja, msitu ukajaa watu wenye bunduki na njaa, na milio ikakoma. Papa alikuwa akifika hapo anainuka kwenda kunawa mikono.

Kwa hiyo kichwani mwangu Papa alikuwa mwindaji mkubwa. Siku za kazi aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na leseni yake alikuwa ameitundika ukutani sebuleni karibu na picha ya harusi, lakini kwangu hiyo ilikuwa kazi ya kupitishia wakati tu.

Agosti ile, shule zikiwa zimefungwa, alikuja nyumbani Papa Déo. Huyu alikuwa mzee wa kanisa letu la Sparkbrook, mtu wa koti la suti hata siku ya joto, aliyejua Kiingereza na Kifaransa na ofisi zote za mji. Ndiye aliyetujazia fomu zetu tulipofika. Alisema kuna shamba kubwa milimani kaskazini, saa mbili kwa gari, mabwana wanawinda huko, wanahitaji wanaume wa kuwasaidia kwa siku moja.

"Kuwinda nini?" Papa akauliza.

"Ndege. Kama kwale ya kwetu, lakini nyekundu. Inaishi mlimani tu."

Nilimwona Papa akikaa vizuri kitini. Mama alikuwa na zamu siku hiyo katika nyumba ya wazee, na hapakuwa na wa kuniachia, hivyo ikaamuliwa niende. Papa Déo alifurahi. "Mtoto anasema Kiingereza kushinda sisi wote," akasema. "Atakuwa mkalimani yetu." Siku tatu nilitembea barabarani nikiwaambia watoto wa jirani kwamba babangu anakwenda kuwinda milimani na mimi ndiye msaidizi wake.

Tulikuwa wanaume kumi na mmoja na mimi, ndani ya basi dogo alilokodi Papa Déo. Mlima wenyewe ulinishangaza. Nilitarajia miti. Haukuwa hata na mmoja. Ulikuwa nyika pana iliyofunikwa na vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau, upepo ukipita juu yake bila kuzuiwa na kitu, na hapa na pale mabaka meusi yaliyochomwa moto makusudi ili machipukizi yaote na ndege wapate kula. Ardhi ililainika chini ya viatu kama godoro lililolowa. Nikanusa moshi wa zamani, maji ya matope, na kitu kama asali.

Mtunza ndege wa shamba lile alikuwa mzee Mwingereza mwenye mbwa wawili. Aliwapanga wanaume katika mstari mrefu, kila mmoja mbali na mwenzake, na kumpa kila mmoja fimbo iliyofungwa kipande cha mfuko mweupe wa plastiki. Papa alipopewa ya kwake niliona fahari, kwa sababu nilidhani ile ni bendera, na bendera hushikwa na mkuu. Nilisubiri waletewe bunduki. Nikamwuliza Papa Déo bunduki ya Papa iko wapi.

Alicheka mpaka akashika kiuno. Akanionyesha kwa kidole, mbali sana mbele, vizuizi vya mawe vilivyojengwa kwa safu, na ndani ya kila kimoja kofia ya mtu. "Bunduki ziko kule," akasema. "Sisi tunatembea tu, tunapiga kelele, ndege zinaruka, zinaenda kwao."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Papa hakuja kuwinda. Amekuja kuwaswagia ndege watu waliosimama.

Asubuhi ile walitembea mara tatu, nami nyuma yao pamoja na mtunza ndege. Alikuwa akipaza sauti neno moja tu kutwa nzima: "Line! Line! Keep the line!" Mstari ukipinda, anapiga kelele. Mtu akitangulia hatua mbili, anapiga kelele. Mstari ukikaribia mawe, anapuliza honi aliyoining'iniza shingoni, na honi hiyo ilikuwa na maana moja. Tuliambiwa asubuhi, nami nilitafsiri, na mabwana nao waliambiwa: honi ikilia, hakuna kupiga mbele tena, kwa kuwa mbele sasa wako watu. Anayetaka kupiga ageuke nyuma.

Ndege walikuwa wachache. Hata mimi niliona. Katika mzunguko wa kwanza waliruka saba au nane, wekundu, wazito, wakilia kwa sauti ya kukoroma kama mtu anayefukuza wageni mlangoni. Mzunguko wa pili, watatu. Wa tatu, mmoja na bata aliyepotea. Mabwana walitoka kwenye mawe yao wakaja kunywa vitu vya moto kutoka kwenye chupa, na mmoja, mwenye skafu nyekundu shingoni, alikuwa akilalamika kwa sauti ambayo haikujali nani anasikia. Ameendesha gari kutoka mbali. Ameahidiwa ndege. Hawa watu wanatembea au wanatalii?

Papa aliniita. Alikuwa amechuchumaa, mkono wake ndani ya kichaka, akiangalia kinyesi cha ndege na manyoya mawili.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita akiwa na jambo zito, "umwambie ule mzee wa mbwa hivi. Ndege zimepunguka. Hizi zilizobaki ni za mbegu. Mwaka huu waziache zizae."

Nilimtafsiria mtunza ndege neno kwa neno. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alimtazama Papa, kisha akaniambia taratibu, "Mwambie baba yako ni kweli. Kulikuwa na baridi na mvua walipoangua, halafu ukaja ugonjwa. Niliwaambia wenye shamba tangu mwezi uliopita waufute msimu." Akatupa jicho kwenye zile kofia. "Lakini wageni wameshakuja."

Papa alipopata jibu hilo alitikisa kichwa. "Kwetu tungekuwa tumetegua mitego," akasema, na akainua fimbo yake.

Wakatembea mara ya nne. Mimi nilibaki kwenye kilima kidogo kando, kwa hiyo niliona yote. Naomba mnielewe hapa, kwa sababu maisha yangu yote nimekuwa nikiulizwa kama nina uhakika. Niliona yote. Mstari ulikuwa umenyooka. Papa alikuwa wa nne kutoka kushoto. Honi ililia, ndefu, na wanaume wote wakasimama, Papa naye akasimama, fimbo chini. Hakuna ndege hata mmoja aliyekuwa ameruka. Kisha akaruka mmoja, katikati ya mstari na mawe, akachelewa kama waliochoka wanavyochelewa, na badala ya kwenda mbele akageuka akarudi chini chini kuelekea kwa watu. Yule mwenye skafu nyekundu alizungusha bunduki akimfuata, akapiga.

Papa hakupiga kelele. Alikaa chini, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka. Nilipomfikia mikono yake ilikuwa usoni na damu ikipita kati ya vidole, nyembamba, haraka. Yule ndege alikuwa ameshapita salama, ameondoka zake.

Mtunza ndege alivua skafu yake mwenyewe akamfunga kichwa. Mwenye bunduki alikuja akitembea, hakukimbia, wala hakuinama. Alisimama karibu nasi, akamwuliza Papa Déo, si Papa, "Alikuwa anafanya nini pale?" Akauliza tena, mara mbili, mara tatu, sauti ikizidi kupanda. "Alikuwa anafanya nini pale?" Kisha akarudi kwenye mawe yake kuchukua chupa yake. Hilo ndilo la mwisho nililomwona akifanya: anafungua kifuniko cha chupa.

Tulikwenda hospitali ya mji mdogo uliokuwa karibu, mtunza ndege akiendesha, Papa Déo mbele, Papa na mimi nyuma. Kichwa cha Papa kilikuwa mapajani mwangu, naye amezirai. Papa Déo aligeuka akasema nami kwa Kiswahili, pole pole, mbele ya yule Mwingereza asiyeelewa hata neno.

"Furaha, sikiliza muzuri. Polisi watakuja. Polisi wakikuja wanauliza makaratasi. Unajua makaratasi?"

Nilijua. Tangu nizaliwe neno hilo lilitajwa nyumbani kwetu kwa sauti ya chini.

"Sasa sisi hatutaki problème. Wewe utasema Papa alitoka kwenye mstari. Honi ililia, hakuelewa, alitembea mbele. Ni hayo tu. Ukisema hivyo, hakuna mtu anaulizwa kitu, na Papa anarudi nyumbani. Umesikia?"

"Lakini hakutoka," nikasema kwa Kiingereza, kwani wakati ule nilisikia Kiswahili vizuri lakini nilikisema kwa shida. Mtunza ndege akanitupia jicho kwenye kioo.

"Unataka warudishe Papa yako Congo na hali hii?" Papa Déo akauliza.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye mikono ya joto. Alimtoa Papa chembe sita usoni, akaniambia ya saba imeingia ndani ya jicho la kushoto na watampeleka hospitali kubwa zaidi. Alisema anaweza kupata mkalimani kwa simu, mtu mzima. Papa Déo akajibu hakuna haja, mtoto anatosha. Daktari aliniuliza ilitokeaje. Nikamwambia. Akapiga magoti akaniuliza tena. Nikamwambia tena yale yale ya Papa Déo. Akaniuliza mara ya tatu kama nina uhakika, na nilichoona machoni mwake ni kwamba ananipa mlango. Sikupita.

Polisi naye aliandika. "My dad left the line," nikamwambia. "He didn't understand the horn." Papa alikuwa amelala kitandani pembeni, bandeji imefunika nusu ya uso. Jicho lililobaki lilikuwa likinitazama, na mimi nilitazama kalamu ya polisi.

Honi. Alishindwa kuelewa honi! Mtu aliyeishi miaka ya vita akijua kila sauti ya mlimani inamaanisha nini. Honi haina Kiingereza, wala haihitaji mkalimani. Polisi aliandika na akafunga kijitabu. Ukumbini, mtunza ndege aliniinamia akauliza, "Hakuielewa kweli?" Nikasema hakuielewa. Alikuwapo. Yeye ndiye aliyepuliza, na mstari aliuona ulivyonyooka. Alivaa kofia yake akatoka nje kwa mbwa wake. Baadaye niliambiwa nyumba aliyoishi ilikuwa mali ya shamba. Nimejaribu kumsamehe kwa sababu ya nyumba hiyo na bado sijaweza.

Jicho halikupona. Leseni ya mashine ilishushwa ukutani, kwa sababu ghalani hawakutaka tena mtu asiyeona upande mmoja. Papa akawa mtu wa nyumbani, akigonga bega la kushoto kwenye fremu za milango, akimwaga chai kando ya kikombe. Kusimulia habari za kwale aliacha. Sombe akaendelea kusaga.

Baada ya majuma mawili Papa Déo alikuja na mfuko. Ndani yake mlikuwa na ndege wawili wekundu, wamefungwa shingo kwa kamba, manyoya yamefika hadi kwenye vidole vya miguu. "Zawadi," akasema. "Kutoka kwa mabwana. Wanasema pole."

Mama alikuwa ametoka zamu, bado na sare. Aliwachukua wale ndege, akawapima mkononi. "Wawili," akasema. "Basi waliendelea kuwinda."

"Mama Furaha, ni heshima hiyo."

"Ndilo jicho la mume wangu hili?" Aliuliza bila kupandisha sauti. Akatoka nao nje, akafungua pipa la taka, akawatupia humo, akabaki amekalia kifuniko kama mtu anayeogopa wataruka. Harufu yao ilikaa kwenye mfuko jikoni siku nzima. Mama hakuwahi kunong'onezwa kilichosemwa ndani ya gari. Naye aliamini Papa alitoka kwenye mstari, na nilimsikia mara moja akimgombeza kwa hilo. "Ulikwenda mbele kutafuta nini?" Papa akaendelea kufuta chai iliyomwagika mezani. Nami nilikuwa kwenye ngazi, nikapanda chumbani kwangu.

Nilipofika miaka kumi na tisa nilihitaji nyaraka za nyumbani ili niombe mkopo wa chuo kikuu. Mama akanipa sanduku. Barua ya serikali ya kutupa ruhusa ya kuishi na kufanya kazi ilikuwa juu kabisa, imetunzwa kwenye plastiki. Nilisoma tarehe. Nikaisoma tena. Tulikuwa tumepewa makaratasi karibu mwaka mzima kabla ya siku ile ya mlimani. Hakuna polisi ambaye angeweza kumrudisha Papa popote. Na fomu ya maombi ilikuwa chini yake, imejazwa kwa mwandiko ninaoujua, ule wa mtu aliyekuwa akiandika matangazo ya kanisa kila Jumapili.

Nilishuka na barua mkononi. Papa alikuwa jikoni.

"Ulijua tuna makaratasi?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini uliniacha niseme vile? Hukuelewa nilichosema?"

Alizima moto. "Kiingereza yangu ilikuwa kidogo," akasema. "Lakini neno 'line' nilikuwa nalijua, mama. Walitupigia kelele ile neno siku mzima."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, kuliko hata yule mwenye skafu. Nilipiga kelele. Nilimwambia amenibebesha uongo miaka kumi nikidhani ninamwokoa.

"Ulikuwa unatetemeka," akasema. "Sikujua Déo amekuambia nini. Nilidhani umeogopa, umesema tu. Ningefanya nini? Nimwambie polisi mtoto yangu anadanganya?"

"Ndiyo!"

"Sikuweza," akasema. "Jicho lilikuwa limeshaenda. Wewe ulikuwa umebaki."

Jumapili iliyofuata nilisimama wakati wa ushuhuda. Wanaotoa ushuhuda kwa Kiingereza, wengi wao vijana, hutafsiriwa kwa ajili ya wazee, na mtafsiri siku zote alikuwa Papa Déo. Alikuja mbele na kipaza sauti chake, koti limefungwa vifungo, akanitabasamia.

Nikasema kwa Kiingereza: nilipokuwa na miaka tisa babangu alipigwa risasi na mtu.

"Anasema alipokuwa mtoto papa yake alipata ajali," Papa Déo akawaambia watu. "Tumsifu Bwana aliyemponya."

Watu wakasema amina. Nilisimama pale nikisikiliza jinsi anavyofanya. Laini kabisa, bila kukosea hata irabu. Nikamwambia, kwa Kiswahili kibovu nilichokuwa nacho siku hizo, "Hapana. Mimi nasikia. Sema ile nimesema."

Alicheka kidogo, akageukia mwimbishaji kwaya ampe ishara. Hapo nikasikia kiti kikianguka. Papa alikuwa ameinuka katika safu ya tatu na kukigonga kwa ubavu wake wa kushoto. Alipita katikati ya watu bila haraka, akafika mbele, akanyoosha mkono. Hakusema lolote. Papa Déo alikishikilia kipaza sauti, kisha akakiachia.

"Sema," Papa akaniambia. "Nitatafsiri."

Tukaanza upya. Nilisema sentensi, naye akaiweka kwenye Kiswahili, polepole, kwa lafudhi ya milima yetu. Ndege walikuwa wachache. Tuliwaambia waache. Honi ililia. Alichosema Papa Déo ndani ya gari, nilikisema chote, na Papa, aliyekuwa akikisikia kwa mara ya kwanza maishani mwake, alisita, akanitazama, halafu akakitafsiri nacho chote. Mama alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Papa Déo alikuwa amekaa, anaitazama Biblia yake iliyofungwa.

Ikabaki sentensi moja. "My father did not leave the line," nikasema.

Papa alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Kisha akawageukia watu wote, akageuza kichwa kizima ili jicho lake zima lifike hadi upande wa kushoto.

"Sikutoka kwenye mstari," akasema.